Tatu Ni Tatu

Kazi yangu ni kulinda shimo. Watu wakisikia hivyo hucheka, wanauliza ni nani ataiba shimo. Shimo lenyewe ni timbo la mawe huko Murera ambalo lilifungwa miaka mingi iliyopita. Tajiri mwenye shamba alinipa kazi ya kulilinda kwa sababu ndilo lililonivunja nyonga, akafikiri hapo tumemalizana. Mimi sikumwambia tumemalizana. Nilikuwa na watoto, nikachukua rungu na filimbi, nikakaa.

Kukaa ni kusema tu. Tangu ukuta wa udongo uniangukie, sijui kutulia. Nikikaa, nyonga inachoma. Nikisimama, mguu unakufa ganzi. Kwa hivyo natembea na mkongojo wangu kuzunguka ukingo wa timbo, nikimaliza naanza tena, mpaka mbwa wa jirani alichoka kunifuata. Mke wangu husema nilitolewa chini ya udongo lakini sehemu yangu moja bado inachimba kutoka.

Niseme mapema kwamba nitalaumu watu hapa, na asiyependa lawama aache kusoma. Nitawataja kwa kazi zao, maana wanajulikana Ruiru na Thika na mimi sina wakili. Kuna nyapara. Kuna sevea, mpima ardhi. Kuna tajiri. Mvua siilaumu, ingawa tajiri aliilaumu.

Basi siku moja wakaja vijana wa chuo. Wanne, wamebeba katoni ya mafuta ya kupikia, na ndani ya katoni kulikuwa na kigari cha magurudumu sita, nyaya nje kama matumbo ya kuku. Walikuwa na barua ya ruhusa kutoka kwa mtoto wa tajiri. Kiongozi wao alikuwa msichana mwembamba aliyevaa buti za jeshi.

"Sasa, mzee."

"Poa. Hicho ni nini?"

"Ni roboti, mzee. Kama ile iko Mars. Tunaenda mashindano, na tumetafuta mahali panafanana na Mars Juja yote hadi Thika. Hapa ndiyo hapa."

Nikaangalia timbo langu. Udongo mwekundu juu, mwamba wa kijivu chini, vifusi, hakuna jani. Nikamwambia kama Mars ni hivi, basi mimi nimeshafanya kazi huko na nilitolewa na koleo. Wakacheka sana. Walidhani ni mzaha.

Nikawawekea sheria. Mwisho wa kutembea ni kwenye lile jiwe kubwa lililopasuka. Kupita hapo, kwenda chini ya ukuta, hapana. Hata kwa kuokota karatasi. Msichana akasema sawa mzee, wengine wakaitikia sawa, na kusema kweli walikuwa watoto wa adabu.

Wakawa wanakuja karibu kila wiki. Mimi na elimu yangu ya darasa la nne nilikuwa napita karibu nao katika mizunguko yangu, nikisikiliza. Ndiyo nikajifunza kwamba ile mashine ya Mars haiendeshwi kama gari. Ukiiambia simama leo, neno lako linasafiri angani dakika nyingi kabla haijasikia, na ikikujibu, jibu nalo linasafiri vivyo hivyo. Kwa hivyo wenyewe wanaiandikia kazi ya siku nzima, wanaituma, halafu wanangoja. Siku yenyewe ya huko inazidi yetu kwa dakika kama arobaini. Wale wa kuilinda huku duniani, walipoamua kufuata saa ya kule, walijikuta leo wanaamka asubuhi, baada ya wiki kadhaa wanaamka mchana, baadaye usiku. Mwili haujui pa kushika. Nikasema moyoni, hao tungeelewana.

"Na magurudumu?" nilimuuliza siku moja. "Mawe hayayali?"

"Yanayala, mzee! Kuna moja mawe yalitoboa matundu hadi wakaanza kutafuta njia laini."

"Walijua aje na wako mbali?"

"Inajipiga picha. Inajiangalia miguu."

Hiyo nilipenda. Mashine inajiangalia miguu na kutuma habari nyumbani, na kuna mtu nyumbani anaitazama ile picha na kusema tupunguze mwendo.

Siku ambayo ilianzisha haya yote ilikuwa ya jua kali. Nilikuwa upande wa lango nikasikia kelele. Kigari kilikuwa kimepita lile jiwe lililopasuka na kinaenda tu, taratibu, moja kwa moja, kama mtu anayekwenda kwa shangazi yake. Kiliambiwa kiende kidogo na kusimama. Hakikusimama. Kikafika chini ya ukuta kabisa, kikagonga kifusi, kikawa kinasukuma hapo hapo na udongo mdogo mdogo unateremka juu yake. Na yule msichana ameshaanza kukifuata.

Sijui nilipiga filimbi ama nilipiga mayowe. Najua nilitupa mkongojo na nikakimbia, kitu ambacho daktari wa Thika alisema sitafanya tena. Nilimshika mkoba wa mgongoni nikamvuta tukaanguka wote wawili.

"Mzee! Nini?"

"Kiache! Kiache kife!"

Alinitazama, akaona uso wangu. Halafu akafungua kompyuta yake pale chini palepale, akaandika kitu, na kigari kikarudi nyuma polepole hadi miguuni mwetu. Ni kuandika tu. Kikarudi.

Walipotafuta sababu, ilikuwa kitu cha kuchekesha kwao. Mmoja aliandika nambari ya mwendo akifikiria sentimita. Mwenzake akaichukua akifikiria mita. Nambari ilikuwa moja, hakuna aliyeandika nyuma yake ni nambari ya nini.

"Usijali, bro," akasema mmoja. "Hata wale wa Mars walifanya hivyo hivyo."

Wakacheka. Mimi nilikuwa nasimama kwa shida, napanguza udongo. Nikauliza, "Kina nani walifanya hivyo?"

Msichana akanieleza. Alieleza kwa upole, nafikiri kwa sababu nilikuwa nimemwangusha. Wamarekani waliwahi kutuma chombo cha kuzunguka Mars, si cha kutembea, cha kuzunguka na kupima hewa yake. Kilisafiri miezi mingi. Njiani kilikuwa kinasukumwa kidogo kidogo kukaa sawa, na nguvu ya kila msukumo inahesabiwa. Kundi moja lilihesabu nguvu kwa paundi, kipimo cha zamani cha Waingereza. Kundi lingine lilipokea nambari zile likazichukua kuwa za kimetriki. Chombo kilipofika kilikuwa chini kuliko walivyodhani, kikaingia kwenye hewa ya Mars, na basi. Hawakukisikia tena.

"Na walisema?"

"Walisema nini, mzee?"

"Ni nani alikosea. Walisema?"

"Walisema wazi. Iliandikwa kila mahali. Tunafundishwa nayo darasani. Hata walisema kosa kubwa si zile paundi, kosa ni kwamba hakuna aliyeangalia. Kuna wengine walikuwa wameanza kuona mambo hayaendi sawa, na wasiwasi wao haukufuatwa."

Nikamuuliza watu wangapi walikufa.

"Hakuna. Ilikuwa mashine tu."

Nikachukua mkongojo wangu nikaondoka bila kuaga. Nilizunguka timbo hadi wakaenda zao. Chuma kimeanguka mbali hivyo, hakina mama, na wakubwa wamesimama mbele ya watu wakasema ni sisi, tulichanganya vipimo. Hapa alikufa mtu, na hakuna aliyesema ni sisi.

Sasa niseme jinsi ilivyokuwa.

Timboni nambari hutembea uchi. Jiwe ni tisa kwa tisa ama sita kwa tisa. Hakuna anayesema inchi. Ukisema inchi unaulizwa kama umetoka shule jana. Lori likija, nyapara anauliza "Ngapi?" na dereva anajibu nambari, kila mtu anajua ni futi, maana jiwe huuzwa kwa futi. Tulizoea hivyo hata nyumbani. Chumba ni kumi kwa kumi, ploti ni hamsini kwa mia. Nambari ilikuwa imeolewa na futi, na hakuna aliyemtaja mume.

Mwamba uko chini, udongo uko juu. Unatoa udongo kwanza, halafu mashine inaletwa juu ya reli zake, msumeno unakata mwamba kwa ngazi, unashuka. Kati ya mguu wa ule udongo wa juu na mahali unapokata lazima uache kitanda cha mwamba, kipana, ili udongo ukiteremka uangukie hapo usiwaangukie watu. Huo ndio uhai wa timbo.

Mwaka ule mvua ilikuwa imenyesha vizuri na tajiri alikuwa na haraka ya mawe. Akamleta sevea kutoka mjini, kijana wa viatu safi. Sevea akaangalia ukuta, akatikisa kichwa, akamwambia nyapara, "Udongo ule ni mwingi. Kabla hujashuka tena, acha tatu." Akaandika 3 kwa rangi kwenye mwamba, na mshale. Akaingia kwenye pikapu ya tajiri wakaenda. Hiyo niliona kwa macho yangu.

Mwenye kuendesha mashine alikuwa rafiki yangu. Tulitoka pamoja upande wa Kakamega, tulikula sufuria moja Mwihoko kabla hajaoa, na alipooa mke wake akanipokea kama shemeji wa kuzaliwa. Alikuwa na mkono mtulivu. Mawe yake ungedhani yamepigwa pasi. Nyapara akaja na kijiti chake, kile cha mistari myekundu, kila mstari futi, akahesabu mistari mitatu kutoka mguu wa udongo, akachora kwa kisigino.

"Kata kuanzia hapa."

Rafiki yangu akauangalia ule mstari, akaangalia udongo juu yake. Akazima mashine.

"Nyapara, hii tatu ni tatu nini?"

"Unasema?"

"Sevea alisema tatu nini? Hapa ni padogo. Hapa hata mbuzi hageuki."

"Wewe unakata mawe ama unakata maneno? Tatu ni tatu. Washa mashine."

Akawasha. Ungefanyaje? Nyapara ndiye anayesema kesho nani arudi.

Ukuta ulianguka siku chache baadaye, mchana, kabla ya chakula. Sitaeleza kuanguka. Mimi nilikuwa kando, na walinitoa mapema. Yeye walimpata baadaye.

Nikiwa hospitali Thika, nimefungwa plasta hadi kifuani, yule sevea alikuja. Alisimama miguuni pa kitanda, hakukaa. Akasema, "Mimi nilisema mita tatu. Kwani walidhani nini?" Nilipotaka kumjibu alikuwa anageuka kwenda. Sijamwona tena tangu siku hiyo. Laiti angeenda kusema maneno hayo kwa chifu badala ya kumwambia mtu asiyeweza kugeuka!

Kwa chifu, walipokaa, nyapara alisema sevea hakutoa nambari yoyote. Rangi ya 3 ilikuwa chini ya udongo. Tajiri alisema ni mvua, halafu akaongeza kwamba mwenye mashine alijikatia alivyotaka, akakata karibu sana. Mimi nilipotoka na kusema niliyoambiwa, nikaambiwa niligongwa kichwa. Mambo yakawa yameshakauka.

Lakini ubaya wenyewe ulikuwa nyumbani. Kwetu maiti haizikwi kimya. Lazima mtu asimame mbele ya watu aeleze kifo: alikuwa wapi, alifanya nini, ni nini kilimchukua. Maneno hayo ndiyo yanayobaki. Watu husahau wimbo, husahau mhubiri, hawasahau maelezo. Mimi nilikuwa kitandani. Aliyesimama ni mtu aliyetumwa na tajiri, akaeleza kwamba marehemu alikata karibu sana na udongo na akaumiza mwenzake. Mwenzake ni mimi. Mama mzazi wa rafiki yangu alisikia hayo akiwa ameketi karibu na jeneza. Tangu siku hiyo mjane amekuwa mke wa mtu aliyejiua kwa kutojua kazi yake, na mtoto ambaye alikuwa tumboni siku ile, ambaye sasa yuko sekondari, huambiwa na binamu zake asishike kisu, ataangusha nyumba.

Baada ya siku ya kigari nilienda kumwona mjane. Anauza githeri na chai Githurai 45, nyuma ya wauza viatu. Nikamweleza habari ya chombo cha Mars nikiwa nimesimama, maana benchi lake ni fupi kwa nyonga yangu.

"Keti shemeji, unanizunguka kama kuku anayetaka kutaga."

"Siwezi. Sikiliza. Walichanganya vipimo. Nambari ile ile, mmoja anafikiri hiki, mwingine anafikiri kile. Na wakasema wenyewe!"

Alikuwa anachota githeri. Akasimamisha mwiko hewani.

"Walisema wenyewe?"

"Mbele ya dunia."

"Kwa sababu ya chuma."

"Chuma."

Mteja akamwita, mathee, nimekaa hapa tangu jana. Akamjibu mwanangu, hata Mars wanangoja. Akampa sahani. Kisha akaniambia bila kuniangalia kwamba nyumbani wamepanga ukumbusho mwezi wa Agosti, wa kujengea kaburi. Mama mkwe amezeeka, anataka kufunga mambo yake. Na kwenye ukumbusho maelezo hutolewa tena.

"Safari hii nitaeleza mimi," nikamwambia.

"Wewe uligongwa kichwa," akasema. Hakusema kwa ubaya. "Watasema hivyo. Shemeji zangu watasema umekuja kumsafisha rafiki yako. Nataka kusikia kwa mdomo wa nyapara. Nikishasikia mimi, hakuna wa kuniambia niligongwa kichwa."

Nyapara siku hizi ni mtu wa heshima. Ana duka la vifaa vya ujenzi Ruiru, ni mzee wa kanisa, ana kitambi. Nilikuwa nimempita mara nyingi upande wa pili wa barabara. Usiku wa kuamkia siku ya kwenda nilijipangia maneno makali, na asubuhi yote yalikuwa yamekimbia.

Tulifika saa nne. Mimi nilibaki mlangoni kwa sababu ya ngazi, na jua lilikuwa mgongoni mwangu, nafikiri hakuniona sura. Mjane aliingia. Nilijua tumekuja kumuuliza. Sikujua anauliza kwa njia gani. Alikuwa amejifunga leso, anaonekana kama mama yeyote aliyekuja kununua misumari. Nyapara hakumjua. Hakuwahi kumtazama hata siku moja.

"Habari mama, karibu."

"Mzuri. Nataka kamba. Hiyo ya manila."

"Ngapi?"

"Tatu."

Akashika bonge la kamba, akavuta, akasimama.

"Tatu nini, mama? Futi ama mita?"

Mjane akaendelea kuitazama kamba.

"Sema mama, nikate. Siku hizi mimi sikati kitu bila kuuliza," akasema, anacheka, mtu wa biashara na mteja wake. "Tatu bila jina iliwahi kuniharibia. Nilipoteza kazi nzuri kwa sababu ya tatu."

"Ulipoteza kazi?"

"Ĩĩ, mama. Mtu wa mjini anakuambia tatu, wewe unajua futi, kumbe yeye kichwani ana mita. Wacha tu. Ni mambo ya kale."

"Na hakuna aliyekuuliza siku hiyo, tatu nini?"

Hapo ndipo alipomtazama. Akamtazama, akatazama mlangoni, akaona mkongojo.

"Ngai," akasema, akimwita Mungu.

"Mume wangu alikuuliza. Ulimjibu nini?"

Bonge la kamba lilikuwa bado mkononi mwake. Kulikuwa na mteja mwingine, fundi mwenye suruali yenye madoa ya rangi, akaanza kusoma makopo ya rangi kwa bidii kama mtu anayesoma Biblia. Mimi nilikuwa na maneno yangu yote yamerudi sasa, lakini mjane aliinua kiganja nyuma yake bila kugeuka, kuniambia ninyamaze.

"Mama, tajiri alikuwa ananisukuma. Kila siku lori, lori..."

"Sijauliza tajiri. Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia tatu ni tatu."

Alisema polepole sana, lakini fundi alisikia na mimi nikasikia. Halafu maneno yakaanza kumwagika. Kwamba sevea ndiye angesema mita. Kwamba sevea alikimbia. Kwamba tajiri ndiye aliyemwambia aseme hakukuwa na nambari, la sivyo wangefungwa wote. Kwamba aliogopa. Kwamba ana ugonjwa wa presha tangu hapo. Ukweli ni kwamba yote hayo nayaamini. Sevea hakusema kipimo na hakurudi. Tajiri alitaka mawe. Lakini aliyesimama pale na kijiti, akaulizwa swali moja la maneno mawili na mtu aliyekuwa na macho, alikuwa yeye. Nimewaweka wote kwenye mizani mara nyingi nikizunguka timbo, na kila mara yeye ndiye mzito.

"Utakuja Agosti useme hivyo nyumbani?" mjane akamuuliza.

"Mama, huko siwezi kufika. Wataniua."

"Hawatakuua. Watakulisha."

Akatikisa kichwa. Alikuwa analia, na mimi machozi yake hayakunifanya chochote, labda kwa sababu nilikuwa nimesimama muda mrefu na mguu umekufa. Nilimwambia, na ndilo neno la pekee nililosema dukani mwake, kwamba kuna watu waliangusha chombo Mars wakasema. Hakuelewa. Alidhani kweli niligongwa kichwa.

"Basi kata kamba," mjane akasema.

"Mama, chukua tu, nenda nayo."

"Nimesema kata. Mita tatu."

Akapima kwenye rula iliyopigiliwa kwenye kaunta. Alipima vizuri, hilo simnyimi. Akakata.

"Sasa kata nyingine. Futi tatu."

Nyapara akamwangalia. Akapima, akakata. Zikalala pamoja juu ya kaunta, moja imejikunja kama nyoka aliyeshiba, nyingine fupi, haitoshi kufungia mbuzi. Mjane akazitazama kwa muda mrefu. Alikuwa amesikia hadithi hii tangu mtoto wake akiwa tumboni, na nafikiri ilikuwa mara ya kwanza kuiona. Akalipa. Nyapara alisukuma noti zirudi, naye akaziacha pale pale, tukatoka.

Agosti tulienda nyumbani. Walipofika kwenye maelezo, mmoja wa shemeji zake akanong'ona kama tulivyotarajia, huyu si ndiye aliyegongwa kichwa? Nikasimama. Siwezi kusimama mahali pamoja, kwa hivyo nilieleza nikitembea mbele yao, huku na huku, na wazee wakawa wanageuza shingo. Nikamtaja nyapara, sevea na tajiri, huko kwa majina yao kamili na vijiji vyao. Nikasema rafiki yangu aliuliza, na nikasema alijibiwa nini. Mjane akasimama akasema, "Nimesikia kwa masikio yangu, Ruiru, mchana kweupe," akaketi.

Mita si neno la wazee wa kwetu. Niliona hawajashika.

Mjane akafungua mkoba wake, akampelekea mama mkwe kamba mbili. "Mama, hii ndiyo aliyoambiwa nyapara aache. Na hii ndiyo aliyoacha."

Mama yule haoni vizuri. Alizipima kwa mikono, akiipitisha moja kwenye vidole hadi mwisho, halafu nyingine. Akaomba ainuliwe. Akapelekwa kaburini, saruji ilikuwa bado mbichi, akainama mwenyewe akailaza ile fupi kuanzia upande wa kichwa. Haikumfikia mwanawe kiunoni. Akailaza ile ndefu. Ikapita miguu, ikapita saruji yenyewe, ikaingia kwenye nyasi.

Alibaki ameinama pale, ameshika ncha ile ya kwenye nyasi. Kisha akageuza uso upande walikoketi wanawe.

"Ni nani alisema mtoto wangu hajui kazi?"

Mimi nilikuwa bado natembea.